Soma Pesa Kabla ya Ubao: Data Laivu ya Counter-Strike 2, Kibandani na Kwenye Mkeka

Aliyewahi kuangalia mpira kibanda umiza anaijua karaha hii: kwenu mpira bado uko katikati ya uwanja, nyumba ya pili wameshapiga kelele za goli. Jirani ana dishi, ninyi mnatumia strimu. Kwenye mpira ni kero ya kupita. Kwenye esports, yaani mashindano ya gemu za kompyuta, ambako raundi huamuliwa ndani ya sekunde kumi na watu wanabeti raundi kwa raundi, hizo sekunde ndizo biashara yenyewe.

Ninaandika kwa watu wawili. Wa kwanza ana ukumbi wa gemu au kibanda, na anataka usiku wa Counter-Strike 2 (CS2), gemu la bunduki la timu mbili, uchangamke hata kwa mteja asiyewahi kushika mausi. Wa pili anabeti laivu na anaamini ubao wa matokeo unamwambia kinachoendelea. Nimechagua Counter-Strike kwa sababu data yake inasomeka hata na mtu wa duka, kwa kuwa kiini chake ni pesa za ndani ya gemu. Kila mchezaji ana pochi, kila bunduki ina bei, na anayefilisika anaonekana kabla hajafungwa.

Hatua ya 1: Pima umechelewa kiasi gani

Usianze na kitu kingine kabla ya hiki. Chukua simu mbili. Moja ifungue strimu utakayoonyesha kwenye TV, Twitch au YouTube. Nyingine ifungue ukurasa wa matokeo laivu wa mechi hiyohiyo; wengi tunatumia HLTV, tovuti ya Denmark iliyoanza mwaka 2002. Raundi ikiisha kwenye ukurasa wa data, washa saa ya kupimia. Ukiiona raundi ileile ikiisha kwenye strimu, izime. Rudia raundi tano, panga majibu kuanzia dogo hadi kubwa, chukua la katikati. Usitafute wastani, maana intaneti ikikwama mara moja tu inaharibu hesabu nzima.

Mara nyingine utakuta data imetangulia, mara nyingine strimu imetangulia. Yote mawili ni kawaida. Elewa tu kwamba umepima tofauti kati ya vitu viwili ambavyo vyote vimechelewa. Waandaaji huchelewesha matangazo kwa makusudi ili mtu asimpigie mchezaji simu na kumwambia wapinzani wamejificha wapi. Mechi halisi, ile iliyoko kwenye seva, iko mbele ya hivyo vyote.

Andika hiyo namba kwenye karatasi na uibandike karibu na TV. Ukibadilisha bando au kifaa, pima upya. Na kibandani iwe skrini moja tu. Ukiruhusu kila mtu afungue strimu kwenye simu yake, utapata makundi manne yanayoshangilia kwa zamu.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma pochi

Nitakaa hapa kidogo.

Timu mbili za watu watano. Moja ni ya washambuliaji, inataka kutega bomu. Nyingine ni ya walinzi, inataka kulizuia. Timu inayoshinda raundi 13 kwanza imeshinda ramani, yaani uwanja mmoja wa mechi. Baada ya raundi 12 wanabadilishana pande. Bomu likishategwa lina sekunde 40. Kulitegua ni sekunde 10 kwa mikono mitupu, sekunde 5 kwa mwenye vifaa, na vifaa hivyo vinauzwa dola 400. Mlinzi aliyebana hizo 400 kisha akafika kwenye bomu likiwa limebakiza sekunde saba ameshapoteza raundi, hata kama washambuliaji wote wamekufa. Kwenye data utamwona hana vifaa. Kwenye strimu watu bado wanapiga kelele za matumaini.

Sasa pesa. Raundi ya kwanza kila mtu ana dola 800, na hizo hazipiti bastola. Ukishinda kwa kuwamaliza wapinzani, kila mchezaji wa timu yako anapewa 3,250. Ukishindwa unapewa kifuta jasho, nacho kina ngazi: 1,400, halafu 1,900, 2,400, 2,900, mwisho 3,400. Kila unapopoteza unapanda ngazi. Ukishinda unashuka moja, hurudishwi chini yote kwa mara moja. AK-47 ni 2,700. Fulana ya kuzuia risasi na kofia ya chuma ni 1,000. Kwa hiyo mshambuliaji mwenye chini ya 3,700 hawezi kuvaa na kubeba AK, na bado hajanunua bomu la moshi hata moja.

Tazama mfano huu niliouchora mwenyewe. Timu B imeshinda raundi mbili za mwanzo, kisha Timu A ikashinda sita mfululizo. Ubao unasoma 6–2. Ukumbi mzima unasema A wameshamaliza kazi. Lakini A wamekuwa wakishinda huku wakibaki na mtu mmoja au wawili hai, hivyo kila raundi wananunua bunduki upya. Wakiingia raundi ya 9, kila mmoja amebakiwa na kama dola 600 mfukoni. B wanashinda raundi hiyo na kuwaua wote watano. A, kwa kuwa walikuwa wanashinda mfululizo, wako kwenye ngazi ya chini kabisa: kifuta jasho 1,400. Jumla 2,000, ukiacha vijisenti vya kuua. AK na fulana hawapati. B nao walikuwa wanapoteza hadi wakafika ngazi ya juu na kupewa 3,400 kila raundi, ambazo ni nyingi kuliko zawadi ya kushinda! Ubao sasa ni 6–3. Raundi ya 10, A wanaingia na bastola mbele ya bunduki tano. Mtu wa ubao anaona timu inayoongoza kwa mara mbili. Mtu wa pochi anaiona 6–4 inakuja, na huenda 6–5.

Hapo ndipo utakapofahamu kwa nini odi za raundi inayofuata zinaruka wakati matokeo yamebadilika kwa namba moja tu.

Vitu vingine vitatu vya kukodolea macho. Kwanza, mshambuliaji akibaki hai hadi muda unaisha bila bomu kutegwa, hapewi kifuta jasho. Sifuri. Wapya huwa wanadhani kubaki hai ni faida, kumbe ametoka na bunduki yake na mfuko uleule. Pili, anayeona raundi imeshapotea huwa anakimbia na kuificha bunduki yake. Watangazaji wengi hawamwonyeshi, wako kwenye mapigano, lakini safu ya thamani ya silaha inakuambia AWP, bunduki ya mdunguzi ya dola 4,750, imepona. Tatu, raundi ya 13. Baada ya mapumziko pesa za kila mtu zinafutwa, wanarudi kwenye 800 na bastola. Utajiri wa kipindi cha kwanza haukusaidii tena, na ndiyo maana raundi ya 12 timu zote hutumia hadi senti ya mwisho. Ukiiona timu masikini imenunua ovyo raundi ya 12, si wazimu.

Halafu kuna upande wa ramani. Nuke, kwa mfano, imejulikana miaka mingi kuwa ramani ya walinzi. Timu ikitoka kipindi cha kwanza na 7–5 ikiwa imelinda, usiisifie sana.

Hatua ya 3: Tengeneza ubao wa kibandani

Ubao wa pili, TV ya zamani au laptopu iliyogeuzwa, unatosha. Kosa la karibu kila anayeanza ni kujaza namba. Asilimia za kupiga vichwa, wastani wa madhara kwa raundi, reti ya mchezaji hadi desimali mbili. Mteja wa kibandani hasomi hayo. Weka vinne tu kwa kila timu: wangapi hai, thamani ya silaha za timu nzima, pesa zilizobaki mfukoni, na ngazi ya kifuta jasho. Namba kubwa, zionekane kutoka mlangoni.

Kwa mechi za nje huna njia ya kuingia kwenye seva yao, kwa hiyo utategemea ukurasa wa umma na yale yanayoonyeshwa kwenye strimu yenyewe wakati wa kununua silaha. Mteue kijana mmoja awe msomaji wa data. Kazi yake ni kuandika namba na kuzishikilia kwa zile sekunde ulizopima, ili ubao usiitangulie TV. Ubao ukitangulia umeharibu filamu. Ukichelewa sekunde mbili tatu hakuna atakayelalamika.

Kisha mpe mtu maiki, lakini asitangaze kwa istilahi za wachezaji. Siku moja tuliweka mechi, akaingia mzee fundi viti aliyezoea kuja kwa ajili ya ligi kuu. Akauliza, "Wanangu, hawa mbona wameshika bastola na wenzao wana mitutu?" Mtangazaji wetu akamjibu, "Wamefilisika mzee, wanabana matumizi raundi hii wanunue ijayo." Mzee akatikisa kichwa. "Kumbe wanangoja mwisho wa mwezi." Tangu hapo kila raundi ya bastola ukumbini kwetu inaitwa tarehe ishirini na tano, na wateja wapya wanaielewa bila kufundishwa.

Mechi za Ulaya zinatufaa kwa saa. Afrika Mashariki tuko mbele ya Ujerumani na Denmark kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo fainali ya saa kumi na moja jioni kwao unaianza kwako saa moja au saa kumi na mbili jioni. Mashindano ya Marekani ni ya usiku wa manane. Usifungue kibanda kwa ajili yake kama hujaongea na majirani.

Hatua ya 4: Wape watu ubashiri wa pointi

Data bila swali ni mapambo. Kila raundi, wakati wachezaji wamesimama wananunua silaha, uliza swali moja lenye majibu mawili. Bomu litategwa? Mwenye AWP atabaki hai? Timu iliyofilisika itaua angalau wawili? Funga majibu pale wachezaji wanapoanza kutembea. Kura za mikono zinatosha, au kadi mbili za rangi.

Usilipe pointi sawa kwa kila jibu sahihi. Watu thelathini wakisema A na watano wakisema B, hao watano wakipatia wapewe nyingi. Hapo ndipo mtu anapoacha kufuata umati na kuanza kuusoma ubao wako, hasa swali likihusu timu yenye bastola. Zawadi iwe soda, au saa moja ya kucheza bure.

Usikusanye pesa za watu na kumlipa mshindi, hata kama ni mia tano mia tano. Ukifanya hivyo umeshafungua kamari, na Tanzania kamari inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kumbi zetu zimejaa watoto wa shule, na chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kabisa.

Hatua ya 5: Kwenye mashindano yako mwenyewe, chota data kwenye gemu

Ukiandaa mashindano ya mtaa, wewe ndiye mwenye seva, na data yote ni yako. Valve, wenye gemu hili, waliweka ndani yake kitu kinachoitwa Game State Integration, tangu enzi za CS:GO, toleo lililotangulia, na CS2 bado inacho. Huhitaji kulipia wala kudukua. Unaweka faili dogo la maandishi, gemu linaanza kutuma hali ya mechi kwenye anwani uliyoitaja.

Kwenye kompyuta ya mtazamaji, yaani ile iliyoingia kwenye seva kama mwangalizi, nenda folda la Steam hadi `Counter-Strike Global Offensive/game/csgo/cfg`. Ndiyo, folda bado lina jina la zamani. Tengeneza faili lenye jina linaloanza na `gamestate_integration_`, mfano `gamestate_integration_kibanda.cfg`, na uandike:

```
"kibanda"
{
  "uri" "http://127.0.0.1:3000"
  "timeout" "5.0"
  "buffer" "0.1"
  "throttle" "0.1"
  "heartbeat" "10.0"
  "data"
  {
    "map" "1"
    "round" "1"
    "bomb" "1"
    "phase_countdowns" "1"
    "allplayers_id" "1"
    "allplayers_state" "1"
    "allplayers_match_stats" "1"
  }
}
```

Zima gemu, liwashe tena. Kijana yeyote anayejua programu kidogo anaweza kuandika kipokezi kwenye anwani hiyo na kuonyesha majibu kama ukurasa wa kawaida, halafu ukauweka juu ya picha kwa OBS, programu ya kurusha matangazo ambayo ni bure. Ndani ya `allplayers_state` utakuta afya, `money`, na `equip_value` ya kila mchezaji. Hizo mbili za mwisho ndizo pochi tuliyoisema. Mistari ya `allplayers` hujaa pale tu kompyuta inapotazama. Ukiweka faili hilo kwenye kompyuta ya mchezaji anayecheza, utapata habari zake yeye tu, na inafaa iwe hivyo.

Sasa kisa. Mashindano yetu ya kwanza tuliweka ubao mzuri sana, TV ukutani, watu wakafurahi. Raundi kama ya sita mmoja wa walinzi akawa anageuka mlango sahihi kila mara, kama ana mganga. Tulikuja kugundua kwamba TV ilionekana kwenye kioo cha dirisha nyuma ya kompyuta zao. Hakuwa hata amepanga. Jicho lilikuwa linakwenda lenyewe. Ramani ile tuliirudia yote, timu iliyokuwa inaongoza ikanuna hadi asubuhi. Tangu siku hiyo wachezaji wanakaa chumba kingine, na picha ya ukumbini inachelewa. Mipangilio ya seva ina `tv_delay` ya kuchelewesha kwa sekunde, itumie. Na usidhani ni matatizo ya mtaani tu: mwaka 2020 tume ya uadilifu wa esports, ESIC, iliwaadhibu makocha 37 wa Counter-Strike waliotumia hitilafu ya kamera kuangalia ramani ambako hawakutakiwa kuona.

Hatua ya 6: Kama unabeti

Sikushauri ubeti. Kama unabeti tayari, basi ujue umekaa wapi kwenye foleni.

Kampuni ya kubeti hainunui strimu, inanunua data. Kuna kampuni kama GRID ya Berlin na PandaScore ya Paris zinazouza takwimu laivu za esports, na data rasmi hutoka kwenye seva ya mechi, mbele ya matangazo. Wewe ukiona mchezaji ameanguka, odi zimeshashuka au soko limefungwa. Na ukibonyeza, mkeka wako unashikiliwa sekunde kadhaa kabla ya kukubaliwa. Kama kitu kimetokea hapo katikati, unakataliwa. Kwa hiyo mpango wa "nitawahi kabla hawajabadilisha" uutupe. Huwezi kumkimbiza mtu aliyeanza mbio kabla yako.

Unachoweza ni kuhesabu. Chukua 1 ugawe kwa odi. Odi 1.40 ni asilimia 71.4: yaani mechi kama hizo mia moja, unahitaji kushinda zaidi ya 71 ili usile hasara. Upande wa pili ukiwa 2.75, hiyo ni asilimia 36.4. Jumlisha, unapata 107.8. Ile 7.8 ya juu ya mia ni sehemu ya kampuni, na masoko madogo ya laivu, kama ya mshindi wa raundi, mara nyingi huwa na sehemu nene zaidi. Ukiunganisha mechi sita kwenye mkeka mmoja, umewalipa mara sita.

Tumia daftari. Kabla hujafungua odi, tazama pochi na uandike asilimia yako mwenyewe. Baada ya hapo andika odi na matokeo. Fanya hivyo kwa raundi mia bila kuweka hata shilingi. Ukikuta mahesabu yako hayaishindi odi baada ya sehemu ya kampuni kutolewa, daftari limekuokolea hela.

Usibebe ramani moja kwenda nyingine. Fainali ya Major (mashindano makubwa kabisa ya Counter-Strike) ya Copenhagen, Machi 2024, timu za NAVI na FaZe: ramani ya kwanza NAVI 13–9, ya pili FaZe wakawatandika 13–2. Aliyetazama ubao tu aliona timu imevunjika. Ya tatu, Inferno, NAVI 13–3, kombe likawa lao. Kila ramani pochi zinaanza na 800, na timu inaingia kwenye ramani iliyojiandaa nayo.

Ogopa mechi ndogo zisizojulikana zenye odi tamu. Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Agosti 2014, iBUYPOWER ya Marekani ilipopoteza kwa makusudi mbele ya NetCodeGuides. Januari 2015 Valve wakawafungia wahusika.

La mwisho ni lile ninaloulizwa zaidi ukumbini. "Kaka, hizi virtual nazo zina data?" Zile mechi za katuni zinazochezwa kila dakika chache kwenye programu za kubeti si esports. Hakuna mtu aliyeshika kidhibiti, matokeo yanachaguliwa na kompyuta, na picha unayoiona inachorwa ili ifuate matokeo hayo. Hakuna pochi ya kusoma. Mechi za wachezaji halisi wa gemu la mpira ni jambo jingine, lakini nazo hakikisha kwanza unaweza kuiona strimu yenye majina ya wachezaji na ratiba. Usipoiona, funga hiyo programu.